Maneno Matano ya Bi Usaili

"Mwanaume asiyeongea," alisema Mama, huku akiupaka mkate siagi kwa nguvu kana kwamba mkate ndio uliomkosea, "utaishi naye vipi? Utagombana naye vipi? Unamfokea mtu, anakutazama tu!"

"Mama, anaongea."

"Lini?"

Bi Usaili akakwama. Na yeye kukwamishwa na swali haikuwa kawaida yake, maana maswali ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Miaka sita alikuwa amekaa katika chumba kidogo ghorofa ya pili ya kiwanda cha nguo, akiwauliza wageni maswali yaleyale: tueleze kuhusu wewe, kwa nini tukuajiri, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Bi Usaili. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu.

"Jumapili anakuja," alisema. "Utamsikia mwenyewe."

"Nitamsikia, au nitamwona?" Mama alimsukumia kisahani. "Mimi nimefundisha shule miaka thelathini na moja, mwanangu. Mtoto aliyekaa kimya nyuma ya darasa nilimjua siku ya kwanza. Na marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaongea mpaka majirani wanazima redio zao wamsikilize yeye. Sasa wewe unaniletea mkwe ambaye nyumba yake itakuwa kama benki siku ya sikukuu!"

Bi Usaili alicheka bila kupenda. Lakini maneno ya Mama yalimfuata hadi kazini, kwa sababu hofu ile ilikuwa yake pia, ila hakuwahi kuitoa nje.

Mwanaume mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo katika banda la kufuma. Walianza kufahamiana miezi saba iliyopita mbele ya ubao wa matangazo. Bi Usaili alikuwa akibandika tangazo la kazi, kopo la pini likamponyoka, pini zikatawanyika sakafuni. Mtu mmoja mrefu, mwenye ndevu fupi na macho yasiyo na haraka, akapiga magoti, akaziokota moja moja, akatazama idadi iliyoandikwa kwenye kopo, akamkabidhi na kusema: "Kumi na tisa. Moja sijaiona, angalia viatu vyako." Kweli, pini ya ishirini ilikuwa imeng'ang'ania soli ya kiatu chake. Tangu siku hiyo walikuwa wakitembea pamoja kila jioni kutoka getini hadi kituoni. Bi Usaili aliongea, yeye akasikiliza. Alisikiliza vizuri ajabu, kichwa kimeinama kidogo upande wake, hata mtu akajiona ana mambo ya maana ya kusema. Lakini kuna jioni ambazo Bi Usaili alifika nyumbani akajiuliza: na yeye je? Ndani ya kichwa kile mna nini?

Wenzake bandani walimwita Redio. Bi Usaili alidhani ni dhihaka, kama yule mlinzi wa getini mwenye mwili wa tembo waliyemwita Kijiti.

Wiki mbili kabla ya asubuhi ile ya siagi, Bi Usaili alikuwa amepata alichokililia kwa muda mrefu. Alitolewa kwenye usaili akafanywa ofisa wa maendeleo ya wafanyakazi, kwa majaribio ya miezi sita. Wenzake walimpongeza, ila wengine walinong'ona kwamba hataweza, kwamba mtu aliyezoea kuuliza maswali ataendelea kuuliza maswali tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtafutia banda la kufuma msimamizi mpya wa zamu, kwa kuwa wa zamani alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi.

Alipokwenda kuomba mafaili, Mkuu wa Idara, mama wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, alimtikisia kidole.

"Usifungue faili hata moja."

"Sasa nitamchaguaje mtu, Mkuu?"

"Umewahi kuingia bandani?"

Bi Usaili alitazama viatu vyake. Miaka sita! Watu mamia alikuwa amewatuma mle, kama mtu anayetia barua posta bila kujua zinasomwa na nani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka kizingiti.

"Nenda siku tatu," Mkuu alisema. "Usiulize swali. Kaa, tazama. Ukitoka huko, njoo tuzungumze habari ya mafaili."

Basi Jumatatu ile, baada ya mkate wa Mama, Bi Usaili alitia vizibo masikioni akausukuma mlango wa chuma.

Sauti haikumwingia masikioni. Ilimpiga kifuani. Mitambo themanini ilikuwa ikifuma kwa pamoja, sakafu inatetemeka mpaka magotini, na hewani vumbi jeupe la pamba linaelea kwenye miale ya madirisha ya juu. Nguo ilikuwa inazaliwa mbele ya macho yake, hatua kwa hatua, nyuzi maelfu zikishuka na kupanda kama zinapumua. Akasimama pale mlangoni mdomo wazi. Alijua bei ya ile nguo, alijua idadi ya watu wa zamu, alijua mpaka saizi za sare zao. Hakujua kwamba ilikuwa nzuri namna ile.

Mama mmoja mnene, mikono yake imejaa vipande vya nyuzi, akamshika bega na kumpeleka kando. Wote walimwita Shangazi. Alikuwa amefuma bandani humo tangu kiwanda kifunguliwe. Akaweka mdomo kwenye sikio la Bi Usaili na kupiga kelele:

"Humu hatusemi kwa mdomo! Mdomo tunauacha getini! Tazama mikono!"

Ndipo akaiona. Banda zima lilikuwa likiongea. Msichana wa mstari wa pili aliunganisha vidole viwili kisha akavitenganisha, na Shangazi akamfafanulia kwa kelele: uzi umekatika. Msichana akagonga ngumi kifuani: kwenye mtambo wangu. Kisha akavuta kiganja kuelekea kwake: njoo. Na kutoka upande wa pili wa banda, hatua hamsini, mtu mmoja aliinua mkono na kuugeuza mara moja hewani: nakuja.

Mtu yule alikuwa mwanaume wake.

Bi Usaili alihisi moyo ukimdunda kuliko mitambo. Alimjua akiwa ametulia, mikono mifukoni, akitembea pembeni yake kimya. Huyu hapa alikuwa mtu mwingine kabisa. Mikono ilikuwa ikiruka, ikizunguka, ikichora. Aliwaambia wanawake wa mstari wa nne jambo fulani, wote kumi na wawili wakaangua kicheko ambacho hakikusikika, mabega tu yakitikisika. Akamkaripia kijana mmoja kwa kidole kimoja, kisha kwa kidole hichohicho akamsamehe. Akamuuliza mzee wa kona ya mbali habari za mguu wake unaouma. Yote hayo akiwa anatembea, macho yake yakifagia banda kutoka ukuta hadi ukuta.

Mara akasimama ghafla. Akainua mikono yote miwili na kuikutanisha juu ya kichwa kama msalaba.

Mstari mzima wa sita ukazima. Mitambo kumi na miwili, kwa pumzi moja. Bi Usaili hakuelewa mpaka alipomwona msichana wa mwisho wa mstari, ambaye alikuwa bado hajui kilichotokea: ncha ya kitambaa chake cha kichwa ilikuwa imelegea na kuning'inia, inchi chache kutoka kwenye meno ya gurudumu. Fundi akatembea hadi pale, bila kukimbia. Hakumfokea. Aliichukua ncha ile, akaikunja ndani polepole, kisha akasema kitu kwa mikono. Msichana akalia, na katikati ya kulia akacheka. Mstari ukawaka tena.

"Unadhani tunamwita Redio kwa mzaha?" Shangazi alimpigia kelele sikioni. "Ndiye redio yetu! Bila yeye humu ndani ni makelele tu!"

Macho ya Bi Usaili yalikuwa yamelowa, na hakutaka hata kuyafuta. Alikuwa amempenda mtu miezi saba bila kujua nusu yake. Aliona haya, kisha haya ikageuka furaha kubwa isiyo na mahali pa kukaa. Nani angemwambia Mama kwamba mkwe wake anaongea na watu themanini kwa wakati mmoja?

Fundi akamwona. Kutoka mbali alimtazama, akatabasamu kidogo, akagusa sikio lake kisha akaelekeza kidole kwake.

"Amesema nini?" Bi Usaili aliuliza kwa kelele.

"Anauliza kama na wewe umeanza kusikia."

Wakati wa mapumziko, kwenye benchi la nje, Bi Usaili alimwuliza Shangazi swali lililokuwa likimkereketa. "Sasa mtu kama huyu mbona si msimamizi?"

Shangazi alijipangusa nyuzi mikononi. "Msituulize sisi. Tuwaulize nyinyi wa juu. Mara tatu tumelipeleka jina lake. Mara tatu limerudi."

"Limerudi kwa nini?"

"Hatuambiwi. Tunaambiwa asubiri."

Siku tatu zikaisha. Alhamisi asubuhi Bi Usaili aliingia chumba cha mafaili akiwa karibu kucheza. Sababu alikuwa nayo, mashahidi anao, mambo ameyaona kwa macho yake. Alilivuta faili la Fundi, akalifungua mwanzo kabisa, kwenye fomu ya usaili ya miaka minne iliyopita. Chini ya fomu palikuwa na kisanduku cha maoni ya msaili.

*Fundi hodari. Mnyamavu mno. Hafai kuongoza watu.*

Akasoma mara ya pili. Herufi ya "h" ilikuwa na mkia unaojikunja kushoto. Mkia ule alikuwa akiupiga tangu darasa la tatu, na Mama alikuwa amemchapa rula kwa ajili yake.

Chini ya mwandiko wake, kwa kalamu tofauti na tarehe tofauti, watu wengine walikuwa wameandika: *Rejea maoni ya usaili.* Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenda bandani kuangalia. Kwa nini ahangaike? Bi Usaili alikuwa ameshaona kwa niaba yao.

Akakaa chini, sakafuni, katikati ya makabati. Siku ile ya usaili aliijua kwa utani wa Fundi tu; alijaribu kuikumbuka mwenyewe akashindwa. Kwa mwezi alikuwa akisaili watu thelathini. Alikuwa ameyaandika maneno matano, "mnyamavu mno, hafai kuongoza watu", akapiga muhuri, akaita mtu mwingine.

Saa kumi jioni zamu ilipotoka, alimkuta Fundi akimsubiri mahali pao pa kila siku, kwenye benchi karibu na maegesho ya baiskeli. Fundi akampisha akae. Alikuwa na furaha. Mikono yake ilikuwa bado na uchangamfu wa bandani.

"Bibie, leo umechoka."

"Fundi, unakumbuka siku niliyokufanyia usaili?"

Akatabasamu. Ule ulikuwa utani wao wa zamani. "Uliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikujibu."

"Hukunijibu. Wewe mwenyewe ulisema ulinyamaza."

"Mdomo ulinyamaza. Nilikuwa nimetoka kiwanda kingine, nimekaa bandani miaka tisa, maneno yananikimbia nikiwa mbele ya watu. Lakini nilikujibu." Akainua kiganja kimoja, akakipitisha hewani polepole kutoka kushoto hadi kulia, kama mtu anayepapasa vichwa vya watu waliosimama mstari. Akagonga ngumi kifuani. Kisha akaelekeza vidole vyote getini. "Mstari mzima, watu wangu, kila jioni watoke pale getini wakiwa na vidole vyao vyote kumi. Hapo ndipo nilipojiona." Akacheka kidogo. "Wewe ulikuwa unaandika. Hukuinua macho."

Bi Usaili aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Nini?" Fundi alishtuka. "Nimesema nini?"

"Nilichokuwa naandika," alisema, "nimekisoma leo. Niliandika kwamba wewe ni mnyamavu mno. Hufai kuongoza watu. Hayo ndiyo yanayosomwa kila jina lako likipelekwa. Mara zote tatu. Ni mimi, Fundi. Ni mkono wangu."

Mikono ya Fundi ikashuka magotini. Ikalala pale. Bi Usaili, ambaye wiki hiyo ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kuisikia, aliiona ikinyamaza.

Kisha Fundi akaongea. Kwa mdomo, na kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuisikia.

"Mara ya kwanza nilisema, sawa, bado mgeni. Mara ya pili nikasema, labda kuna mwenye elimu zaidi. Mara ya tatu nilikwenda kwa dada yangu nikamwuliza: mimi nina kasoro gani ambayo kila mtu anaiona isipokuwa mimi? Akaniambia, labda huongei. Basi nikanunua kioo. Mtu mzima na ndevu zangu, kila asubuhi nasimama mbele ya kioo najisalimia. Habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi hii. Najiona naweza." Akapapasa ndevu zake. "Kama mwendawazimu."

"Nisamehe."

"Na wewe umetembea na mimi miezi saba."

"Sikukumbuka. Naapa, sikukumbuka."

"Najua hukukumbuka. Hilo ndilo linaloniuma." Akasimama. "Kwangu mimi ilikuwa miaka minne, Bibie. Kwako wewe ilichukua muda gani?"

Bi Usaili alitaka kudanganya, akashindwa. Muda ulikuwa umeandikwa juu ya fomu. "Dakika kumi na mbili."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, akachukua baiskeli ambayo kwa miezi saba alikuwa akiikokota ili atembee naye, akaipanda.

"Jumapili?" Bi Usaili alimwita. "Mama anakusubiri Jumapili!"

Hakumjibu. Si kwa mdomo, wala kwa mkono.

Nyumbani, Mama alimtazama mara moja tu akaacha kukata vitunguu. "Amekuacha?"

"Mimi ndiye niliyekosa, Mama." Akamsimulia yote, tangu mlango wa chuma hadi baiskeli. Mama alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

"Na yeye akasema nini?"

"Amesema mengi."

Mama akainua uso. "Mengi?"

"Mengi, Mama. Na kila neno lilikuwa kweli."

Mama akarudi kwenye vitunguu. Alikata kimoja, akaanza cha pili, akakiacha. "Kulikuwa na mtoto," alisema, bila kumtazama, "nyuma ya darasa. Kila mwaka nilimwandikia kwenye ripoti: hashiriki. Mpaka leo sijui alikuwa anafikiria nini." Akajifuta macho kwa kiwiko, akasingizia vitunguu. "Sasa niambie. Jumapili nipike, au nisipike?"

"Sijui, Mama."

Ijumaa asubuhi Bi Usaili aliingia kwa Mkuu wa Idara na karatasi mbili. Mkuu aliivua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akasoma ya kwanza.

"Unajitoa kwenye jopo la kumchagua msimamizi."

"Nina uhusiano na mmoja wa wanaofikiriwa. Nilipaswa kusema tangu siku ya kwanza. Sikujua kama atakuwemo, lakini ningesema."

"Unajua meneja mkuu atasema nini? Mwezi wa kwanza wa majaribio, kazi ya kwanza, umejitoa. Ile meza yako ya usaili bado haijapata mtu."

"Najua." Alikuwa amelala na wazo hilo, akaamka nalo. "Anirudishe kama ataona inafaa. Lakini soma ya pili kwanza."

Mkuu akasoma ya pili. Ilikuwa nyongeza ya kuambatishwa kwenye faili, kwa sababu maoni ya usaili hayafutwi, yanaongezewa tu. Haikumpendekeza Fundi kwa cheo chochote. Ilisema kwamba maoni ya miaka minne iliyopita yaliandikwa ndani ya dakika kumi na mbili, na msaili ambaye hakuinua macho, kuhusu kazi ambayo hakuwahi kuiona. Kwamba yasitumiwe tena kama sababu. Na kwamba jopo, kabla ya kukaa, lishuke bandani likatazame.

Mkuu aliiweka karatasi mezani. "Umeandika wangapi, kwa miaka sita?"

"Elfu mbili na zaidi. Walioajiriwa ni kama mia nne." Machozi ya Bi Usaili yakadondoka mezani. "Mkuu, sikulala kwa kuwafikiria. Kila mmoja ana kisanduku chake, na ndani yake kuna maneno yangu. Nataka kuwatafuta. Mmoja mmoja, mahali anapofanyia kazi. Nione nilikosea wapi. Nilidhani nikishamfungulia mtu mlango nimemaliza. Kumbe mle ndani kuna..." Akainua mikono, ikabaki hewani, haijui pa kwenda.

Mkuu aliitazama mikono ile. Kisha akachukua muhuri, akaugonga kwenye karatasi ya kwanza, akaugonga kwenye ya pili.

"Meneja mkuu niachie mimi," alisema. "Mia nne utaanza Jumatatu. Miaka mingapi nimesubiri mtu wa usaili aje kuniambia hivyo! Sasa toka, unanilowanishia karatasi."

Bi Usaili alitoka. Hakurudi ofisini kwake. Alishuka ngazi, akavuka ua, akatia vizibo masikioni na kuusukuma mlango wa chuma.

Mitambo themanini ilimpiga kifuani. Fundi alikuwa mwisho kabisa wa banda, amempa mgongo, ameinama juu ya mtambo. Bi Usaili alisimama karibu na Shangazi akasubiri. Shangazi alimtazama uso, akaelewa, akampungia msichana wa mstari wa pili, naye akampungia wa tatu. Habari ikaenda mkono kwa mkono, mstari hadi mstari, mpaka mtu wa mwisho akamgusa Fundi begani.

Fundi akageuka.

Bi Usaili aliinua mikono yake, mbele ya watu wote wale waliojua kuisoma kuliko yeye. Alijua maneno machache tu ya lugha yao; akachagua matatu, akayasema polepole asikosee.

Akaunganisha vidole viwili, akavitenganisha. Uzi umekatika.

Akagonga ngumi kifuani. Kwangu mimi.

Akavuta kiganja. Njoo.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa mstari wa nne waligeuza vichwa vyao wote kwa pamoja kumtazama Fundi. Yule msichana wa kitambaa cha kichwa alikuwa ameshika mashavu. Fundi alisimama, kitambaa cha mafuta mkononi, macho yake yasiyo na haraka yamemkazia Bi Usaili, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko dakika kumi na mbili.

Kisha akatia kitambaa mfukoni. Akainua mkono, akaugeuza mara moja hewani.

Nakuja.

Bi Usaili aliziba uso. Alipoufunua, mikono ya Fundi ilikuwa bado juu, inaendelea kusema: kidole kinachora duara, kisha kinagonga kifundo cha mkono, kisha viganja viwili vinafunguka kama mlango uliobishwa hodi. Alikuwa hajafundishwa hayo. Akamgeukia Shangazi, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.

"Anasemaje?"

Shangazi akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Anauliza, kwa mama yako Jumapili afike saa ngapi!"

Bi Usaili aliinua mkono juu, juu kabisa, ili aonekane mpaka mwisho wa banda, akanyoosha vidole vinne.